Chaji ya Kusawazisha

...wa kwanza mimi mwenyewe, juu, chumbani kwangu, nimelala chali na viatu miguuni kwa sababu sikuwa nimekusudia kulala, wa pili dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, uani, anaanua nguo, wa tatu binti yangu, chini dukani, amesimama mbele ya mashine ya fotokopi, wa nne mwalimu wa hesabu, mteja, aliyekuja kutoa nakala za mtihani akaambiwa avute subira karatasi imekwama, na wa tano mkwe wangu, mume wa binti yangu, aliyekuwa amevuka barabara kununua wino na kwa hiyo moto ulipoanza hakuwa ndani, ingawa ninamhesabu, kwa sababu aliingia baadaye kwa miguu yake... watano, namwambia afisa wa zimamoto, naye anaandika watano kwa tarakimu, kisha kwa maneno, jambo linalonipendeza hata leo, mtu anayeandika idadi mara mbili anajua kwamba tarakimu hudanganya upesi. Alipoingia nilimwita askari, akanisahihisha kwa upole, si askari, mzee, ni afisa, nikamwomba radhi, maana mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo kuliko wote humu, mimi niliyefundishwa kwamba kitu usichokijua jina usikiguse. Tumeketi sebuleni kwa kinyozi, jirani yetu, kwa kuwa sebule yetu haipo tena, na shati nililovaa ni la kinyozi, la mikono mifupi, lina maua, asubuhi alijaribu kunichekesha, akasema mzee ukitoka hivi mtaani wajane watafunga maduka wakufuate, nami nikajaribu kucheka kwa heshima ya shati lake, lakini kifuani kilitoka kikohozi badala ya kicheko, na kikohozi hicho bado kina ile ladha, tamu tamu, ladha ya kitu kisichopaswa kuwa kitamu... Dada yangu anasema. Hajanyamaza tangu juzi, anamwambia afisa kwamba nyumba si karakana, kwamba alisema mapema na hakusikilizwa, mashine juu ya mashine, nyaya kila kona kama mizizi, anasema kijana wa watu ni mpole, hilo hamnyimi, lakini mpole naye huwa na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, alilileta lile boksi la betri ndani bila kuuliza wakubwa... si kweli, dada, aliuliza. Aliuliza kwa wiki mbili. Alikuja kwangu na karatasi yenye picha za betri, akasimama, hakuketi mpaka nilipomwambia keti, na hata alipoketi hakukaa kwenye kiti kinachonitazama uso kwa uso, alikaa kile cha pembeni, kama alivyofanya tangu siku alipokuja kuposa, akasema baba, umeme ukikatika wateja wanaondoka na karatasi zao, nafikiria kuweka betri na inveta, lakini nimeona nikuulize kwanza, wewe ndiye mwenyewe wa mambo haya. Mwenyewe wa mambo haya. Niliyapenda sana yale maneno manne, niliyabeba kutwa nzima kama mtu aliyepewa cheti... Afisa amegeuza ukurasa. Anasema sasa mzee, tufike kwenye betri yenyewe, lakini kabla hujajibu nikusomee maelezo ya mkweo tuliyoyachukua jana hospitali, ili useme kama unakubaliana nayo, kisha utie sahihi kama shahidi, tumalize, hatutaki kukuchosha. Hatutaki kukuchosha... anadhani nimechoka. Mkono wangu wa kulia uko juu ya goti, umetulia, nautazama, hauna hata lengelenge moja, nimetoka kwenye ule moto na kikohozi na shati la kuazima, basi, na yule amefungwa kitambaa mpaka shingoni na anapumua kwa barakoa ya mashine, na mashine hiyo nayo, nilimwuliza muuguzi, umeme ukikatika inakuwaje, akasema ina betri yake, mzee, ondoa hofu, nikatoka nje ya wodi nikaegemea ukuta. Chumba cha betri, sisi tulikiita hivyo, pale kituo cha simu, nyuma, chumba cha peke yake, dirisha lake ni mbao zilizopangwa kwa mshazari ambazo hazikufungwa hata mvua ikinyesha, mitungi ya kioo safu mbili, mikubwa, imejaa madini ya risasi na asidi, na sisi tumevaa aproni za mpira kama wachinjaji, na yule mkufunzi tuliyemwita Bwana Kipimo, kwa sababu hata chai yake aliipima, alikuwa hamruhusu mtu kushika kitu mpaka akitaje, hii ni nini, na hii, na hii, ukikosea jina unarudi nje unasimama juani, nami sikurudi nje hata mara moja, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua jina la kila skrubu. Betri ikiugua, ikizidiwa na wenzake, ilikuwa na dawa yake, chaji ya kusawazisha, ndefu, ya polepole, unaipa umeme kupita kiasi chake kwa makusudi, inatokota taratibu kama birika lililosahauliwa pembeni ya jiko, watu wanaogopa, wewe huogopi, unapima kila saa, unaandika, na kesho yake imepona. Nimeponya betri zilizokwisha kuandikiwa kutupwa. Wenzangu waliniita Tabibu, mpaka nastaafu waliniita hivyo, na siku ya kuniaga walinipa chaja ndogo ya kijani, yenye kitasa cha nafasi tatu, ya tatu ndiyo hiyo, kusawazisha, nikaifunga kwa gazeti nikaiweka ndani ya sanduku langu la bati chini ya kitanda, miaka ishirini na mitatu, nikiitoa mara moja kwa mwaka kuipangusa... "Mimi ndiye niliyeitoa betri kwenye inveta," anasoma afisa, anasoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mizigo, "baada ya kuona imevimba, nikaiunganisha na chaja nyingine, Jumatatu asubuhi, kwa uamuzi wangu mwenyewe." Kwa uamuzi wangu mwenyewe. Ameyasema hayo na midomo imepasuka. Kila neno amelitafuta na kulilipia pumzi, binti yangu aliniambia, alikuwa akisema maneno mawili anapumzika, mawili anapumzika, na afisa anangoja, na alipomaliza alimwita mkewe kwa kidole akamwambia baba asiulizwe. Basi. Binti yangu akanisimulia hayo jana jioni pale ukumbini hospitali, hakuwa analia, macho yake yalikuwa makavu kabisa, akasema, "Baba, yeye ameshasema. Mwache alivyosema." Hakusema nimekusamehe wala hakusema umetuua, alisema mwache alivyosema, akarudi ndani, na mimi nikakubali... ndiyo, nilikubali, tuseme kweli, nilihisi kitu kama nafuu, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana, nikala mkate wa kinyozi na nikalala. Ni aibu kwamba nililala. Dada yangu anadakia kwamba yeye aliiona ile betri Jumamosi, imetuna kama mkate ulioumuka, kifuniko cha boksi kimeinuka upande mmoja, na akasema si ishara njema, lakini yeye nani amsikilize, bibi kizee. Ni kweli iliumuka. Mkwe wangu aliiona kabla yake, asubuhi na mapema, akaizima, akaichomoa, akavaa glavu, na alipanga kuipeleka uani, mbali na ukuta, kwenye mchanga, mpaka muuzaji aje kuichukua, hivyo ndivyo alivyoniambia, kwa mpangilio huo huo, na mpangilio ulikuwa sahihi, sasa naujua ulikuwa sahihi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akasema baba, hizi za kisasa zikishavimba hazirudi. Nikacheka. Mimi si mtu wa kucheka, binti yangu atakwambia, lakini pale nilicheka, kwa sababu ndani ya muda wote nilioishi na huyu kijana aliyejua kompyuta, aliyejua simu, aliyejua kila kitu kinachowaka taa ndogo ya buluu, hatimaye lilikuja jambo ambalo mimi nalijua na yeye halijui, nikamwambia mwanangu... hapana, sikumwita mwanangu, sijapata kumwita hivyo hata siku moja, nilimwita wewe, nikamwambia wewe, betri ni betri, inaugua, inatibiwa. Akaenda, akarudi na kitabu chake cha maelekezo, akakifungua mahali penyewe, akanipa kwa mikono miwili. Kilikuwa na maandishi madogo na picha ya betri yenye tumbo, imechorewa mstari mwekundu juu yake, na chini pameandikwa usitumie chaja isiyokuwa yake. Nilikisoma. Hilo nalo lazima lijulikane, nilikisoma, miwani ilikuwa usoni, na nikakifunga nikamrudishia, nikamwambia, "Kitabu hiki kimeandikwa na muuzaji. Muuzaji anataka ununue nyingine." Binti yangu alikuwa mlangoni. Akasema tu, baba, jamani. Mume wake akamtazama, akanyamaza, wote wawili wakanyamaza, na ukimya ule niliuchukua kuwa ni kukubali, kwa kuwa ndivyo tunavyolea watoto wetu, wakinyamaza tunasema wameelewa... na hata hivyo alijaribu tena, Jumapili, nilipoiteremsha chaja mwenyewe, nimeifungua gazeti lake, imeng'aa, nikasema iwekwe chini ya ngazi, pana kivuli, hapana vumbi, wateja hawatajikwaa, akasema polepole, karibu nisimsikie, "Baba, hapo ndipo njia yetu ya kushukia." Na mimi nikasema betri haili watu. Nilisema hivyo. Nyumba nzima ilikuwa na ngazi moja na chumba changu kiko juu yake, na niliyeweka moto chini ya ngazi hiyo ni mimi, Jumatatu saa mbili asubuhi, mimi niliyegeuza kitasa mpaka nafasi ya tatu, mkwe wangu alisimama nyuma yangu ameshika tochi, alinimulikia ili nione vizuri. Kila saa unapima, unaandika. Nilipima saa tatu, saa nne, saa tano, ilikuwa ya moto kidogo, nikasema vizuri, inafanya kazi, saa sita nilikula, saa saba nikapanda juu nijinyooshe dakika kumi... sikupima saa saba. Hata ningepima isingesaidia, afisa amekwisha kueleza tangu mwanzo, kwa maneno rahisi, kwamba hizi si risasi na asidi, mzee, ndani mna seli za lithiamu, hizi ukizisukuma kupita kiasi hazitokoti, zinapasuka, na ikipasuka moja inaipasua ya jirani yake, na maji hayazizimi upesi, ndiyo maana mwalimu alipomwaga ndoo nzima aliungua mkono wake bure, mkono wa kuandikia, na ndiyo maana sasa kuna shauri, kwa sababu mteja ameumia mahali pa kazi, na mtu aliyefanya lile tendo atakapotoka hospitali ataitwa kujibu. Atakapotoka hospitali. Atatoka na ngozi mpya yenye makovu, apelekwe mbele ya hakimu kwa kosa la Tabibu... Nilisikia mlio kama kifuniko cha kopo la rangi kikibanduka, kisha mwingine, kisha kama mtu anamimina kokoto, na moshi mweupe ukapita chini ya mlango, mweupe kama wa mvuke, nikadhani ni mvuke, nikafungua. Usiniulize ngazi zilikuwaje, hapakuonekana ngazi, palikuwa na shimo lenye sauti. Nikaufunga mlango nikakaa kitandani. Nilikaa. Nikafunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa. Na chini huko nikasikia binti yangu anapiga kelele nje, barabarani, amesalimika, na sauti ya mume wake, ambaye angebaki palepale barabarani na chupa zake za wino bila mtu yeyote kumlaumu, ikiuliza, "Baba yuko wapi?" na hakungoja jibu, kwa sababu jibu alilijua, baba yuko juu, baba hulala mchana. Alipita kwenye lile shimo. Alipoingia chumbani kwangu shati lake lilikuwa halipo mgongoni na hakuonekana kulijua hilo, akavunja dirisha kwa kiti, akanibeba begani kama zulia lililoviringishwa, akanishusha juu ya paa la jiko, na maneno yaliyomtoka, nayakumbuka kama yalivyo, alisema samahani baba, kwa kuwa alikuwa amenishika kiunoni, mkwe hamshiki mkwewe kiunoni... "Mzee," anaita afisa, "unanisikia?" Namsikia. Dada yangu anasema mwache apumue, mtu mzima amepoteza nyumba, tia sahihi kaka, ukalale, anasukuma fomu ikaribie goti langu, kidole chake kinaonyesha mstari, pale chini. Kinyozi yuko mlangoni ameshika kitana ambacho hana haja nacho. Afisa anamalizia kusoma, imebaki sentensi moja, anasema maelezo yanaishia hivi, "chaja niliyotumia ilikuwa yangu, chaja ya gari, niliinunua mtumba sokoni," halafu ananipa kalamu. Naishika. Ni uongo uliojengwa vizuri, una mlango na madirisha, mtu yeyote angeweza kuishi humo mpaka afe, na mwenye kuujenga alilala kitandani na midomo iliyopasuka akafikiria kila kitu, soko, mtumba, uamuzi wake mwenyewe, jambo moja tu hakulijua, hakulijua kwa sababu mimi sikumwambia, nilimfanya ashike tochi bila kumwambia ile ni nini. "Si chaja ya gari," nasema. Imenitoka kabla sijaamua, kama mtu anavyomsahihisha mtoto anayesoma kwa sauti, na sote tunashangaa kidogo, hata mimi. Afisa anasema naam? Nasema haijapata kuwa chaja ya gari, ni chaja ya betri za kituo cha simu, volti kumi na mbili mpaka ishirini na nne, ina kitasa cha nafasi tatu, na hakuinunua sokoni. Dada yangu anasema kaka, sasa gari na simu tofauti yake nini, moto ni moto. Na hapo ndipo naona mahali nilipofika, nimesimama kizingitini, nyuma yangu ni ile nafuu ya jana, laini, ya kulalia, na mbele ni neno moja tu linalofuata, kwa sababu afisa atauliza alitoa wapi, naye anauliza, alitoa wapi basi, mzee... "Chini ya kitanda changu. Ni yangu. Futa jina lake hapo uandike langu, mimi ndiye niliyeiunganisha, yeye alikataa." Halafu nasema mara ya pili, polepole, ili aandike bila kukosea, kwamba alikataa mara mbili, Jumamosi kwa kitabu na Jumapili kwa mdomo wake, na kwamba nilimshinda si kwa hoja, nilimshinda kwa kuwa mimi ni baba mkwe wake.

Afisa hakufuta, alivuta fomu mpya kutoka kwenye begi lake, akaandika tarehe, Jumatano, akaandika saa, akauliza jina langu kamili nikalitaja, herufi kwa herufi, na sasa amesimamisha kalamu anangoja nianze, dada yangu amejifunika uso kwa upande wa mtandio na kwa mara ya kwanza tangu juzi nasikia saa ya ukutani ya kinyozi, na ajabu ni kwamba sijisikii mwema, nilidhani mtu akisema kweli hujisikia mwema, najisikia kama mtu mwenye mikono tu, mikono miwili mizima juu ya magoti, na mawazo yangu hayako hata kwa hakimu, yako hospitali, saa kumi jioni wanaruhusu kuona wagonjwa, nitakwenda kwa miguu, si mbali, na shati hili la maua, acha wacheke, nitaketi kwenye kiti kinachomtazama uso kwa uso, nimtume binti yangu nje akanunue maji, nimwambie... kitu gani, baba mkwe anamwambiaje mkwewe, hatukufundishwa maneno hayo, tulifundishwa majina ya vitu, huu ni mtungi, hii ni bamba ya risasi, hakuna aliyetusimamisha juani kwa kukosa kujua namna ya kusema nimekukosea, nitalisema hivyo hivyo, nimekukosea, mwanangu, ulisema kweli ukiwa umesimama na mimi nilisema uongo nikiwa nimeketi, na yeye atataka kusema hapana baba, naijua adabu yake, atatafuta pumzi aseme hapana baba, nami nitamwambia nyamaza, usijitaabishe, leo ni zamu yangu kusema, na nitamweleza yote, kitasa kilifanya nini, kwa nini risasi hutokota na hizi hupasuka, kwamba kitabu chake kilikuwa sahihi, nitamwambia ukipona tutakisoma pamoja tangu ukurasa wa kwanza, wewe ndiye utakayenifundisha, na ukinitajia jina la kitu nikakosea utanirudisha nje... "Anza popote, mzee," anasema afisa, "kuanzia Jumamosi." Nasema Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, mkwe wangu alikuja chumbani kwangu akabisha hodi. Simu ya kinyozi imelia mfukoni mwake, simu zetu ziliungua, ni yake tu binti yangu anayoijua namba, ametoka nayo mpaka barazani na mlango ameuacha wazi, namwona mgongo. Anasikiliza. Amesema ndiyo, akasema ndiyo tena, akasema yupo hapa, akasema tunakuja. Afisa bado ameshika kalamu, karatasi ina tarehe, saa na jina langu. Kinyozi amerudi ndani, amesimama mbele yangu, ameniambia mimi, si dada yangu wala si afisa, kwamba mkwe wangu amefariki.